Jina la Kwenye Vyeti

Shanwe, Mpanda
Jumatano, 19 Novemba 2025

Kwako mpendwa wangu Mama Kija,

Mwangaluka mayu, mama mwenzangu. Nakuamkia kwa salamu ya Kisukuma chetu kwanza, za karatasi zitafuata. Hujambo? Ule mguu wa kulia umepona au bado unautembeza kwa fimbo? Mzee Mwandu anaendeleaje, bado anabishana na redio? Na huko Majimoto mvua imeanza? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha mara mbili, ya kudanganya tu. Jirani yangu akakimbilia kupanda mahindi, mimi nikamcheka, na sasa ndege wanamsaidia kuyafukua. Mwili wangu ni mzima, tena nimenenepa mpaka gauni la Pasaka halipiti mabegani. Usingizi ndio umenihama, na huo ndio ulionikalisha niandike.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu yako wanapokea wajukuu, wanaweka spika, nyumba nzima inasikia. Haya ni ya kwako peke yako. Kusoma unajua, tulikaa benchi moja darasa la watu wazima kule Litapunga, na mwalimu alikuwa anasema Kabula ana mwandiko, Nyanzala ana mdomo. Basi leo mdomo umeshika kalamu. Usimpe mtu akusomee. Na kile kifurushi anachokuletea Bwana Bartolomeo, yule Mpimbwe mnunuzi wa mpunga, usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakuomba sana.

Kaburi la Kija kule Litapunga ni safi. Nilikwenda mwezi wa kumi kama kila mwaka, nikapalilia, nikaongeza mawe upande ule unaoliwa na maji. Tangu nyie mlipohama na ng'ombe sijaruka hata mwaka mmoja. Watu wa kule wananisifu, wanasema Nyanzala ana moyo, anatunza kaburi la mtoto wa mwenzake kuliko wengine wanavyotunza ya kwao. Mimi nilikuwa naitikia asante. Utaona mbele kwa nini sifa ile ilikuwa inanichoma.

Sasa nikupe habari za Manyanda wangu. Si kwa kujisifu, ila mtoto amefika. Yule yule aliyekuwa akiona ndama anakimbilia nyuma ya kanga yangu, mkamcheka nyie wote, leo wafugaji wa Nsimbo hawachanji ng'ombe asipokuwepo Dokta. Ameandika kitabu kidogo cha ndigana, kwa Kiswahili na Kisukuma, kinafundisha kupapasa tezi chini ya sikio la ng'ombe kabla ugonjwa haujamwangusha. Nane Nane ya mwaka jana kule Mbeya alipewa cheti, akapigwa picha na wakubwa. Picha nimeitundika juu ya ile ya harusi yangu. Marehemu mume wangu angekuwepo angeniambia niishushe. Nisingeishusha.

Lucia, mdogo wake wa mwisho, anafundisha sekondari hapa mjini, na akirudi anaandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Mayu, hiyo ni kama kitabu kisicho na jalada la mwisho, kinakaa ndani ya simu. Humo kuna milima, magonjwa, wafalme, na watu waliofanya makubwa. Wanaoandika hawalipwi, wanajitolea tu. Nikamwambia, kama wafalme wamo, kaka yako anakosaje? Akasema mama, haingii kila mtu, lazima ionekane anastahili. Nikamwambia wewe andika, mambo ya kustahili niachie mimi.

Akaandika mwezi wa tisa. Ukurasa ukatoka una picha yake akiwa na koti jeupe, na juu kabisa jina lake la kwenye vyeti. Hilo jina la kwenye vyeti nitalifikia, usinikimbize. Nikaupeleka ukurasa kwa padri, kwa muuza dagaa, kwa fundi cherehani ambaye hata haoni vizuri nikamsomea. Furaha yangu ilidumu siku nne. Siku ya tano wakabandika tangazo juu yake kwamba ukurasa huu unajadiliwa, na mhusika akionekana hastahili utafutwa. Aliyelibandika ni kijana mmoja wa Sumbawanga anaitwa Eustace. Alisema, kwanza dada hapaswi kumwandika kaka yake. Pili, gazeti moja na redio ya mjini havitoshi, wanataka vyanzo huru. Nikamwambia Lucia amjibu kwamba chanzo ni mimi, nimemzaa, nilikuwepo. Kijana akajibu kwa adabu, na shikamoo akaweka, kwamba mama si chanzo huru. Mayu, nimeitwa mengi katika dunia hii, lakini kuambiwa siko huru kwa mwanangu mwenyewe!

Kule kwenye majadiliano kila mtu anaandika neno moja, Baki au Futa, halafu sababu. Mimi nikaona kumbe ni uchaguzi, na uchaguzi naujua. Jumamosi baada ya sala ya jumuiya nikawakalisha kina mama kumi na mmoja kwenye mkeka wangu, Pudensiana mwenyekiti wetu akiwa mbele, kila mmoja na simu yake au ya mwanae. Tukaandika Baki. Mmoja akasema huyu ni mtoto wetu. Mwingine akasema ana heshima na alimponya mbuzi wangu. Pudensiana akaandika kwamba anamfahamu tangu akiwa tumboni, wakati mimi nimemfahamu Pudensiana nikiwa na wajukuu. Eustace akaja akasema hapa hawahesabu kura, wanapima hoja, na hoja kumi na moja zilizotoka mtaa mmoja ndani ya saa moja ni hoja moja. Pudensiana akasema huyo kijana hajalelewa kwenye jumuiya. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Sijacheka hivyo tena.

Maana Jumatatu yake Lucia alirudi mapema kutoka shuleni, akaniuliza nani mwingine niliyemtuma. Chini ya hoja zetu kumi na moja ilikuwepo ya kumi na mbili. Haikuwa na jina, ilikuwa na tarakimu tu, ndivyo wanavyotokea wasiojiandikisha. Ilisema hivi, nimeinakili kama ilivyo: "Futa. Mwenye jina hili hajafanya lolote la kuandikwa. Hakupewa muda."

Lucia akasema ni wahuni wa mtandaoni. Kesho yake, ndani ya ukurasa wenyewe, chini ya mwaka wa kuzaliwa, kukawa na mstari mpya: "Alifariki Juni 1997, akiwa darasa la saba." Mchana huo Manyanda alikuwa kwangu anakula ugali. Lucia akamsomea kwa kicheko, naye akacheka, akasema basi pilau la matanga yangu limechelewa sana. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mboga. Nililiweka chini taratibu, nikaenda uani, nikasimama huko nikiangalia kuku.

Lucia aliufuta ule mstari. Asubuhi ulikuwa umerudi. Akaufuta, ukarudi, na kila ukirudi unaongeza neno. Ukaongeza kwamba alikuwa na kovu nyuma ya sikio la kushoto, la pembe ya ng'ombe mwekundu. Manyanda hana kovu. Nilimwinamisha kichwa, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, nikamkagua kama namtafuta chawa. Ukaongeza kwamba alipenda kukaa dawati la dirishani ili awaone ng'ombe wa baba yake. Ukaongeza kwamba alikuwa na mluzi wake wa kuwaita, mifupi mitatu, mrefu mmoja.

Mama Kija, najua hapa umesimama kusoma. Simama kidogo, kisha uendelee. Nimesema nitakwambia yote.

Yule Eustace tuliyemcheka ndiye alikuwa wa kwanza kuona. Alimwandikia Lucia pembeni, akamuuliza kama wapo watu wawili wenye jina hili. Alisema amewazoea wahuni, wahuni hutukana. Huyu hatukani, huyu anakumbuka tu. Halafu kwenye majadiliano akamuuliza mwenye tarakimu, kwa utaratibu wao, alete chanzo cha hayo anayoyasema. Jibu likaja: "Muulizeni mama. Alikuwepo."

Lucia aliponisomea, aliniangalia usoni. Nikasema nina mpunga wa kuanua nje. Huo mpunga nilikuwa nimeshauanua tangu asubuhi.

Wiki hiyo hiyo Manyanda alikuwa kijiji kimoja cha Nsimbo anachanja. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali, wafugaji wamejaa, ng'ombe wamepangwa kwenye kibanio. Anasema alisikia mluzi kutoka mbugani. Mifupi mitatu, mrefu mmoja. Akadhani ni mchungaji, akainua kichwa, kule hakuna mtu, nyasi zimeungua, unaona mpaka mbali. Ng'ombe wote wakageuza vichwa upande ule, waliomo kwenye kibanio na waliosubiri nje, zaidi ya mia mbili, wakatulia hivyo bila kupiga hata mkia. Mzee mmoja akamwambia kwa Kisukuma, Dokta, unaitwa. Akaja kwangu moja kwa moja na buti zake za udongo, akaingia nazo hadi sebuleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniuliza, mama, unakumbuka mluzi wa Kija kule Litapunga ulikuwaje? Nikamwambia mimi sikumbuki miluzi ya watoto wa watu. Uongo. Nilikuwa naujua mluzi wa mwanao kama ninavyojua kengele ya kanisa.

Halafu ukanipigia wewe, Jumanne ya wiki iliyopita. Ukaniambia mjukuu wako mpya ana siku arobaini na bado analia, usiku na mchana, nyonyo anasukuma. Ukanikumbusha kwamba huyu ni wa tatu kupewa jina la Kija na kulikataa. Wale wawili wa kwanza walilia hivyo hivyo mpaka mlipowapa majina mengine, ndipo wakanyamaza. Huyu mmebadilisha majina manne na hataki lolote. Ukasema mganga amewaambia jina halipo nyumbani, liko linatembea, kuna mtu kalivaa. Ukacheka kile kicheko chako cha kuchoka, ukaniambia, Nyanzala wewe unayekwenda kaburini, hebu mwambie mwanangu arudi, mama yake nimezeeka kumsubiri. Mimi nikakwambia nitamwambia.

Sasa soma taratibu.

Mwaka ule wa tisini na saba Manyanda alikuwa ameshamaliza la saba mwaka uliotangulia na hakuchaguliwa. Alikuwa anashinda anachonga miti ya manati. Kija wako alikuwa la saba, ameshasajiliwa kwa mtihani, na homa ikamchukua kwa siku tatu. Tulimzika. Mwezi wa nane nyie mkahama na ng'ombe, kwa sababu Mzee Mwandu alisema hawezi kunywesha kwenye maji ambako mwanae alikuwa ananywesha. Hamkuwa mmemaliza hata wiki mbili njiani, mwalimu mkuu wa kule, marehemu sasa, akamwita mume wangu akamwambia kuna namba ya mtihani iko wazi. Namba ipo, mtoto hayupo. Haifai iende bure. Mume wangu akasita, alisema jina la mtu si shati. Mimi ndiye niliyesema ndiyo, mayu. Nilisema marehemu halihitaji. Nilisema ni karatasi tu.

Manyanda akaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa Kija Mwandu. Akafaulu kwa Kija Mwandu, jina la mwanao na la mumeo. Akaenda shule ya bweni ya mbali, sisi tukahamia Shanwe ambako hakuna aliyetujua, na tangu hapo kila karatasi aliyopata ina jina hilo. Ule uhakiki wa vyeti ulioangusha watu wengi, yeye alipita, kwa sababu vyeti ni vya kweli vyote. Uongo uko kwenye mstari wa kwanza tu. Ndiyo maana kitabu chake sikukuletea, ukadhani ni uchoyo. Ndiyo maana uliponiambia wafugaji wa huko wanamtaja Dokta Mwandu wa Mpanda, nikakujibu kina Mwandu wako wengi. Na huku mjini, Kabula, miaka ishirini na nane wananiita Mama Kija. Sokoni, kanisani, kisimani. Kila walipoita, niliitika mahali pako.

Hujamaliza. Ulipokuwa unaondoka uliomba madaftari ya Kija, ukaambiwa yamepotea. Hayakupotea. Yalikutwa shuleni mlipokwisha kuondoka, nikayachukua mimi ili Manyanda ajifunze mwandiko na saini. Yako kwenye kifurushi, manne. La Sayansi, jalada la nyuma kwa ndani, Kija ameandika kwa penseli: "Nikimaliza shule nitakuwa daktari wa ng'ombe wa baba." Maneno hayo sikuyaona hadi Jumatano ya wiki iliyopita, siku moja baada ya simu yako, nilipoyatoa sandukuni. Manyanda anaapa hajawahi kuyaona. Wewe unakumbuka mwanangu alivyoogopa ng'ombe, yeye alitaka kuwa dereva. Alirudi likizo ya kwanza ya kidato cha kwanza, akapita katikati ya ng'ombe wa jirani bila fimbo, wakamfuata. Na alikuwa anapiga mluzi. Mifupi mitatu, mrefu mmoja. Mimi nilisimama mlangoni nikajiambia watoto hubadilika wakikua.

Basi niambie wewe nani anastahili ukurasa ule. Nimeliuliza swali hili mpaka kichwa kinauma. Masomo kasoma wa kwangu, usiku wa mitihani kakesha wa kwangu. Lakini nikiangalia maisha yenyewe, mayu, naona yameshonwa kwa kipimo cha wa kwako.

Nilimweleza Manyanda siku hiyo hiyo ya madaftari, yeye na dada yake. Kwamba alitumia jina la marehemu alijua, hakuwa mtoto mdogo, na kile kicheko cha pilau kilikuwa cha kumficha dada yake. Alichokuwa hajui ni wajukuu zako wanaolia. Nilidhani atanikasirikia. Akasema mama, nimechoka kuitikia. Juzi Jumatatu amepeleka barua kwa mwajiri wake ameeleza kila kitu. Wamempokea, wamemwambia asubiri kuitwa, na asifike kazini kwanza. Anaweza kupoteza kazi, na kesi ikawepo. Mimi nililia, nikamshika shati, nikamwambia angalau tusubiri. Sikufichi, nilifanya hivyo, hata baada ya yote haya. Akaniondoa mikono kwa upole akatoka.

Na ukurasa haupo tena. Jumapili baada ya misa nilimwambia Lucia anipe simu, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: "Futa. Mimi ni mama wa huyo aliye kwenye picha. Jina si lake, ni la mtoto wa Kabula na Mwandu, na niliyelichukua ni mimi." Eustace akajibu kwamba kwa kanuni mama si chanzo huru, ila kwa hili anaamini hajawahi kupata chanzo kilicho huru zaidi. Akasema ataufuta saa kumi.

Saa kumi kasoro Lucia aliufungua auone mara ya mwisho. Ule mstari wa "Alifariki" haukuwepo. Hakuutoa yeye, na Eustace ameapa si yeye. Kwenye orodha ya wanaorekebisha zilikuwepo zile tarakimu. Zilikuwa zimeingia saa tisa na nusu, zikautoa mstari huo mmoja, na pale wanapotakiwa kuandika sababu zikaandika: "Si kweli tena."

Mayu, siombi unisamehe. Hilo mtalijadili na Mzee Mwandu, na mkisema nije nipige magoti mbele ya ukoo nitakuja, mkisema nisikanyage kwenu sitakanyaga. Naomba kitu kimoja, na kifanyeni kabla hamjanikasirikia. Mchukueni yule mtoto, mpeni jina tena. Muiteni Kija. Jina limeshavuliwa, halina mtu ndani. Sijapiga simu tangu Jumapili kwa sababu naogopa nitakachosikia nyuma ya sauti yako, kilio au kimya. Wewe ndiye utakayenipigia.

Nisalimie Mzee Mwandu, umwambie kwa maneno yako, ya kwangu hayafai. Wasalimie wakwe na wajukuu wote, na yule mdogo mbusu kwenye sikio la kushoto. Lucia anakuamkia. Manyanda anakuamkia, amesema nikuandikie kwamba kama mtakubali, atakuja kuchanja ng'ombe wenu kwa mkono wake, bila cheo na bila koti. Mungu awalinde na mvua iwafikie ikiwa ya kweli.

Huku mtaani nimewaambia kuanzia sasa wasiniite tena kwa jina lako. Wamezoea, bado wanateleza, ila mimi siitiki.

Ni mimi mwenzako wa benchi moja,

Nyanzala,
Mama Manyanda